Nani Ashikaye Hati? Dini ya Mitaa ya Eastlands na Kasoro za Uhakiki

Imekuwa ada katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki kwamba pindi dini inapotajwa, mhakiki hukimbilia mmojawapo wa milango miwili. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na wahakiki wa mkondo wa Kimarx tangu miaka ya 1970: dini ni kasumba, kasisi ni kibaraka, na muumini ni mlevi asiyejua kwamba amelewa. Mlango wa pili ni ule wa wahakiki wa maadili, ambao vitabu vyao vya mwongozo vimejaa katika maktaba za shule: dini ni chemchemi ya wema, na mhusika akipotoka, basi ni kwa sababu ameipa kisogo. Milango hii huonekana kuwa inatazamana kwa uadui. Kwa hakika yote miwili huingia katika chumba kimoja, nacho ni chumba cha uvivu. Anayeingia kwa mlango wowote kati ya hiyo hana haja tena ya kuisoma matini, kwa kuwa jibu analo kabla ya swali.

Swali lenyewe si geni: dini ni ya nini, na inamfaidi nani? Wahakiki wa kasumba hujibu kwamba inamfaidi tajiri. Wahakiki wa maadili hujibu kwamba inawafaidi wote. Majibu haya yana kasoro moja. Yanaitafuta faida katika mafundisho, yaani katika maneno yanayotoka mimbarini, ilhali faida haikai huko. Faida ya dini hukaa katika vitu vinavyoshikika: ploti, jengo, sanduku la sadaka, jeneza, sauti za kwaya, na daftari la mweka hazina. Mhakiki anayetaka kujua dini inamtumikia nani katika riwaya au katika mtaa hana budi kuuliza nani analipa, nani anafanya kazi, na hatimaye nani anabaki na hati mkononi. Bila ya hayo, kauli yake kuhusu dini ni mahubiri tu, hata kama ni mahubiri ya asiyeamini.

Pana kejeli hapa ambayo haifai kupitwa. Marx, ambaye jina lake hutajwa kila mara dini inapofananishwa na afyuni, alieleza katika aya hiyohiyo kwamba dini ni kielelezo cha mateso ya kweli na pia ni namna ya kuyalalamikia mateso hayo. Sehemu hiyo ya pili imepotea njiani kati ya Ulaya na kumbi za mihadhara za Nairobi na Dar es Salaam. Kilichosalia ni kaulimbiu.

Hakuna mahali panapoonyesha udhaifu wa kaulimbiu hiyo kuliko mitaa ya mashariki mwa Nairobi. Pumwani, ambayo wenyeji huiita pia Majengo, ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama makazi rasmi ya Waafrika. Ardhi ilibaki kuwa ya manispaa, lakini nyumba ilikuwa ya aliyeijenga, naye alikuwa na ruhusa ya kuweka wapangaji. Sehemu kubwa ya waliojenga walikuwa wanawake, na wengi wao walipata mtaji wao kwa kuwauzia vibarua wa mji huo chai, chakula, maji ya kuoga, malazi na mapenzi. Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1990 kwa jina The Comforts of Home, ameieleza biashara hiyo kwa kina, na kabla yake Janet Bujra alikwisha kuwaandikia wanawake hao kama wenye mali, si kama wahanga.

Wengi wa wanawake hao walisilimu. Mhakiki wa maadili akisikia hivyo atachanganyikiwa, maana hana kisanduku cha kumwekea malaya anayeswali. Mhakiki wa kasumba naye atasema kwamba maskini hao walitafuta kitulizo. Hakuna hata mmoja wao atakayeuliza walichokipata. Mwanamke aliyetoroka kwao Kiambu, Unandi au Buhaya alikuwa amevunja uhusiano na jamaa yake, au alikuwa hataki mali yake irejee mikononi mwa kaka na wajomba. Katika mila za kwao, mali ya mwanamke ilikuwa shida kutambulika kuwa yake. Sheria ya Kiislamu ilimtambua kuwa mmiliki. Aidha, Uislamu wa Majengo ulimpa jina jipya, ndugu wapya wa kuchagua mwenyewe, lugha ya Kiswahili iliyomwezesha kuishi na watu wa kila kabila, na watu wa kumwosha, kumvika sanda na kumzika siku ya kufa kwake. Kwa mtu asiye na jamaa mjini, hili la mwisho halikuwa jambo dogo.

Je, hiyo ni kasumba? Kama ni kasumba, basi ni ya ajabu, kwa kuwa aliyeitumia aliamka akiwa mwenye nyumba. Lakini haitoshi kusimama hapo na kushangilia, kama wanavyofanya baadhi ya watafiti wa siku hizi wanaoona ushujaa katika kila jambo la mnyonge. White mwenyewe anaonyesha kwamba kazi ya wanawake hao ilimpunguzia gharama mwajiri na serikali ya kikoloni. Kibarua aliyelipwa mshahara usiotosha kumleta mke mjini alipata malazi na huduma za nyumbani Pumwani, na asubuhi akarudi kazini. Kwa hiyo dini iliyomlinda mwenye nyumba ilimfaa pia, kwa njia ya kuzunguka, mkoloni ambaye hakuwahi kuingia msikitini. Faida ziliambatana wala hazikulingana. Uhakiki wenye meno ni ule unaoweza kuzishika faida zote mbili bila kuifanya moja kuwa uongo wa nyingine.

Miaka ya 1950 ilibadilisha mizani. Mnamo Aprili 1954 majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakazolewa kutoka katika mitaa hii na kupelekwa vizuizini. Baada ya hapo, Ukristo wa kimisheni uliingia Eastlands kwa kishindo kipya, ukiwa na kumbi, madarasa ya ushonaji na vilabu vya wanawake. Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986, inaanzia katika wakati huo. Macgoye alifika Kenya mwaka 1954 kama mmisionari wa Kianglikana, na aliifahamu Pumwani kwa miguu yake. Paulina, msichana wa Kijaluo wa miaka 16, anawasili Nairobi mwaka 1956 kumfuata mumewe Martin, anaharibikiwa na mimba katika hospitali ya Pumwani, kisha anapotea njia akirudi nyumbani.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo la kuzaliwa kwa taifa, na hawakukosea. Walichokipita mbio ni ule ufundi wa nyumbani anaoupata Paulina, ufundi uliokuwa sehemu ya mradi wa wamisionari na wa serikali wa kumfanya mwanamke wa Kiafrika kuwa mke mtulivu. Shabaha ya mafunzo hayo ilikuwa utulivu. Matokeo yake kwa Paulina ni mshahara. Anakuwa kiongozi wa vilabu vya wanawake, anajitegemea, na Martin anapoteza uwezo wa kumwamrisha kama awali. Nia ya taasisi na faida ya muumini zimeachana, na riwaya inazifuata zote mbili kwa utulivu bila kupiga baragumu. Mhakiki anayetafuta tu kama Macgoye anaunga mkono kanisa au anapinga kanisa ataifunga riwaya hiyo akiwa hajaisoma.

Kutoka kwa Macgoye hadi kwa Ngũgĩ wa Thiong'o ni hatua fupi kwa miguu, kwa maana Wariinga wa Shetani Msalabani, riwaya iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980 na kwa Kiswahili mwaka 1982, ni mpangaji wa Ofafa Jericho. Jina la mtaa huo lenyewe ni hubiri. Nusu yake ni ya diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa wakati wa Hali ya Hatari. Nusu nyingine imetoka katika Agano la Kale, ambako kuta zilianguka kwa kelele za tarumbeta. Katika riwaya, kuta za Jericho hazianguki. Anayeanguka ni mpangaji. Wariinga anakataa nyongeza ya kodi, na mwenye nyumba anamtupia vyombo nje kwa msaada wa majambazi wanaojitambulisha kuwa ni malaika wa Shetani.

Riwaya hii imegeuzwa kuwa ushahidi mkuu wa wahakiki wa kasumba, na ni hapa ambapo kosa lao linaonekana wazi zaidi. Inasemwa mara kwa mara kwamba Ngũgĩ anaifichua dini kama chombo cha wanyonyaji, na mfano unaotolewa ni karamu ya Ilmorog, ambapo mshereheshaji wa mashindano ya wizi anawasimulia wageni wake ule mfano wa talanta kutoka Injili. Ni kweli kwamba wezi wanahubiri. Lakini je, ni nani aliyeyaandika mahubiri yao hata yakawa kejeli? Riwaya nzima imejengwa kwa mbao za Biblia. Katika ndoto ya Wariinga, watu wenye matambara ndio wanaomsulubisha Shetani, na baada ya siku tatu wanakuja watu wa suti na tai kumteremsha. Msomaji asiyejua Ijumaa Kuu na Pasaka haelewi hata robo ya kichekesho hicho wala ya uchungu wake. Endapo Biblia ingekuwa kasumba na si kitu kingine, mwandishi angekosa nyundo ya kuipigia. Hadhira aliyoikusudia, ile iliyosomewa riwaya hiyo katika mabaa na majumbani, iliifahamu lugha hiyo kutoka katika mabenchi ya kanisa. Kwa hiyo mali moja ya dini, yaani lugha yake, ilikuwa imekwisha kuhamia mikononi mwa walalahoi, na Ngũgĩ aliichukua kutoka kwao.

Tamthilia ya Nitaolewa Nikipenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 kabla ya kupigwa marufuku mwaka huohuo, ni kali zaidi katika jambo hili. Mandhari yake ni Limuru, si Nairobi, lakini mkasa wake ungeeleweka katika ua wowote wa Makongeni au Kaloleni. Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu na hati yake. Kioi na mkewe Jezebel, matajiri waliookoka, wanamsisitiza yeye na Wangeci wafunge ndoa kanisani ili wasiendelee kuishi katika dhambi. Harusi inahitaji fedha. Fedha zinapatikana benki, na Kioi ni mmoja wa wakurugenzi wa benki hiyo. Hati inawekwa rehani. Mwishowe shamba linauzwa, na anayelinunua ni Kioi.

Wahakiki wamepoteza wino mwingi kuonyesha kwamba mafundisho ya Kioi ni ya unafiki. Hilo halihitaji kuonyeshwa, kwa kuwa hata mtoto aliyekaa mbele ya jukwaa alilijua. Jambo zito ni utaratibu. Kĩgũũnda hakupoteza shamba kwa kuwa aliamini uongo. Mpaka mwisho haelekei hata kuamini sana. Aliipoteza kwa kuwa ibada iligeuzwa kuwa gharama, gharama ikawa mkopo, na mkopo ukaishika hati. Mtu aweza kuyakana mafundisho yote ya Kioi na bado akapoteza shamba. Na mwingine aweza kuyaamini yote na asipoteze kitu, mradi sherehe yake aigharimie kwa mchango wa majirani. Tofauti hii ndiyo inayoukosesha usingizi uhakiki wa makala haya, na ndiyo ambayo uhakiki wa kasumba hauna jina la kuiita.

Kuna watakaopinga kwamba haya ni mambo ya wanasosholojia, na kwamba kazi ya mhakiki ni fani, mtindo na taswira. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama hati ya Kĩgũũnda isingekuwa imetundikwa ukutani mwa jukwaa, mbele ya macho ya kila mtazamaji, tangu onyesho la kwanza. Hati hiyo ni taswira. Ni taswira kuu ya tamthilia nzima. Anayeiacha kwa kisingizio cha usafi wa taaluma ameiacha fani yenyewe.

Katika miaka ya 1980 na 1990, ajira zilipopungua kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa na huduma za halmashauri ya jiji zikadorora, makanisa yaliongezeka Eastlands kwa kasi ambayo mgeni aliweza kuihesabu kwa masikio Jumapili asubuhi. Kuna yaliyokodi kumbi za mitaa, yaliyojenga kwa mabati kando ya barabara, na yaliyokuwa na kipaza sauti tu na kivuli cha ukuta. Baadhi yalileta injili ya kupanda mbegu: toa ulichonacho, nawe utavuna maradufu. Mwaka 2014 kituo cha televisheni cha KTN kilirusha habari za uchunguzi kuhusu mhubiri wa Nairobi na sadaka zilizotumwa kwa simu, na nchi nzima ikacheka kwa wiki kadhaa. Mnamo Januari 2016 Mwanasheria Mkuu Githu Muigai alipendekeza kanuni za kuyadhibiti makundi ya kidini. Makanisa makubwa kwa madogo yakapinga, na kanuni zikaondolewa. Mwaka 2023 kicheko kilikatika, pale miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi.

Baada ya Shakahola, kauli ya kasumba ilirudi magazetini kwa nguvu mpya, na kauli ya maadili ikarudi pamoja nayo. Moja ilisema wajinga wamedanganywa. Nyingine ilisema hiyo haikuwa dini ya kweli. Zote mbili zilimwacha nje mtu yuleyule: muumini wa Kayole au Dandora ambaye hakudanganywa wala hakuangamia, anayejua vizuri kwamba mhubiri wake amenunua gari, na bado Jumapili huenda. Kwa nini huenda? Kwa sababu mume wake akifa, wanawake wa ushirika ndio watakaolala kwake siku zote za matanga, watakaopika, na watakaochanga nauli ya kuusafirisha mwili hadi Siaya, Kakamega au Kitui. Gari la mhubiri ni gharama ya bima hiyo, na muumini ameipiga hesabu. Inawezekana kwamba anatozwa ghali mno. Hilo ni swali la haki. Lakini kumwita mlevi ni matusi.

Kisa cha Soweto, Kayole, kinaonyesha mambo yote haya kwa mpigo mmoja. Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika parokia ya Kikatoliki ya Soweto. Alitoa shilingi 600,000 kwa ajili ya kwaya na watoto wa utume, na shilingi 2,000,000 za ujenzi wa nyumba ya mapadre. Akaahidi shilingi 3,000,000 zaidi pamoja na basi. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zilizotolewa zitarejeshwa na zilizoahidiwa zimekataliwa. Maaskofu wa nchi walikuwa wametoka kuikosoa serikali siku chache kabla, na vijana walioandamana mwezi Juni mwaka huo walikuwa wameyashutumu makanisa kwa kuwakabidhi wanasiasa mimbari.

Tendo la Askofu Mkuu lilisifiwa, nalo lilistahili sifa. Fedha zinazotolewa mbele ya kamera si sadaka. Hata hivyo, swali la hati halijajibiwa. Fedha zilitolewa na aliye juu na zikarudishwa na aliye juu. Tamko lilitoka kwa jina la jimbo kuu, na sauti ya kwaya haikuwamo. Hao waimbaji, ambao sauti zao ndizo zilizoifanya hadhara ile ionekane kuwa ibada na si mkutano wa kampeni, walitajwa mara mbili katika siku mbili, mara ya kwanza kama wapokeaji na mara ya pili kama waliopokonywa, na mara zote mbili kama watu wasiokuwa na la kusema. Wakosoaji wa Rais waliandika kuhusu Rais. Watetezi wa Kanisa wakaandika kuhusu Kanisa.

Kwa mhakiki wa fasihi, hapo ndipo palipo na kazi isiyoguswa. Kwaya za Eastlands zimetunga nyimbo kwa Kiswahili kwa miongo mingi, nyimbo zilizouzwa kwa kanda miaka ya 1990 na sasa zinazosambaa kwa simu, na ambazo tungo zake zimesikika katika harusi na mazishi kuliko shairi lolote lililochapishwa katika diwani. Kasida na maulidi ya Pumwani zina umri mkubwa zaidi. Idara za fasihi simulizi, ambazo ziko tayari kusafiri hadi Lamu au Turkana kutafuta sigana na miviga, zinapitwa na tungo hizi kila Jumapili na kila Ijumaa kwa mwendo wa nusu saa wa matatu kutoka chuoni. Sababu haifichiki. Mhakiki wa kasumba anaona haya kuzisikiliza, na mhakiki wa maadili huzisikiliza akiwa amefumba macho.

Mwanafunzi wa uzamili atakayezikusanya asianze na maudhui ya wokovu, ambayo yanajulikana. Aanze na mtunzi: alikuwa nani, alifanya kazi gani siku za juma, alilipwa nini kanda ilipouzwa, na jina la nani liliandikwa juu ya jalada. Kisha aombe, kwa adabu, kuonyeshwa daftari la mweka hazina wa kwaya, lile la karatasi za mistari lenye michango ya sare, ya nauli na ya misiba. Humo ataikuta tasnifu yake, imeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu, majina upande wa kushoto na shilingi upande wa kulia.